Mkorosho haulipi kila mwezi

Juzi Mjomba alifika kibandani saa moja asubuhi, hata dirisha la mbele sijalifungua. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaninyooshea kitochi chake. "Mwanangu, hebu niangalizie. Kijana wa bodaboda kaniambia siku hizi simu inakopesha. Nataka hela ya petroli, kesho zamu yangu ya mashine."

Ilikuwa katikati ya Julai. Mikorosho ya huku Mahuta, mkoani Mtwara, ilikuwa imeshachanua, na ukichelewa kupulizia salfa wakati wa maua, ugonjwa wa ubwiri unga unaanza kutembea kwenye vikonyo na hesabu ya mwaka mzima inaharibika. Salfa yenyewe Mjomba alikuwa nayo, ile ya ruzuku aliyopewa kupitia AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika. Alichokosa ni hela ya kukodi mashine ya kupulizia, petroli ya kuiendesha, na chochote cha kuwapa vijana wawili wa kuibeba.

Nikaingia kwenye menyu mpaka sehemu ya mikopo. Namba ya siri aliiweka mwenyewe, mimi nikageuka pembeni, maana hilo nalishika hata kwa ndugu wa damu. Jibu likaja: anaweza kukopa shilingi 3,000, alipe ndani ya siku 30.

Mjomba ana mikorosho zaidi ya 300. Msimu uliopita alipeleka ghalani magunia 18, na mimi ndiye niliyemsaidia kupanga hela ya mauzo: ya ada ya mjukuu, ya bati, ya kuweka akiba. Shilingi 3,000 haimfikishii hata lita moja ya petroli. Aliitazama ile namba kwa muda, akaniuliza, "Hawa wananijua mimi?"

Nimekuwa wakala wa huduma za fedha kwa simu tangu 2012, na swali lake halijanitoka kichwani hadi leo ninapoandika.

Wateja wengi wa hapa wanaamini hela ya mkopo inatoka kwa kampuni ya simu. Si hivyo. Ukikopa kwenye simu, mezani wamekaa watu watatu, na kila mmoja kaleta chake. Kampuni ya simu imeleta wateja, laini, mawakala kama mimi, na kumbukumbu ya kila ulichofanya kwa simu yako. Benki imeleta fedha pamoja na leseni ya kukopesha. Katikati anaweza kuwapo wa tatu, kampuni ya teknolojia ya fedha, ambaye kazi yake ni kusoma zile kumbukumbu na kukadiria: huyu apewe ngapi, yule asipewe kitu. M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanza 2014, Vodacom ilishirikiana na benki ya CBA, ambayo sasa inaitwa NCBA. Airtel Timiza na Tigo Nivushe zilipokuja, upimaji wa wakopaji ulikuwa mikononi mwa Jumo, kampuni ya Cape Town. Mimi nilijifunza hayo yote kidogokidogo, kwenye semina za mawakala na kwa kuwauliza vijana wa mauzo wanaopita na pikipiki. Hakuna siku mteja wangu aliwahi kuelezwa.

Sasa, huyo anayekadiria anaona nini? Anaona laini yako ina umri gani. Unaweka vocha ya bei gani, mara ngapi. Hela inaingia lini, inakaa muda gani, inatoka kwenda wapi. Uliwahi kukopa ukalipa kwa wakati? Hayo ni mambo ya maana, sisemi ni upuuzi. Mimi mwenyewe nikimpima mtu wa kumkopesha naangalia karibu hayohayo.

Lakini mtazame Mjomba kwa macho ya ile programu. Anaweka vocha ya 500 kwa wiki, na wiki nyingine haweki. Tangu Februari hadi Septemba hakuna kinachoingia isipokuwa 10,000 ya binti yake aliyeko Mbagala, ambayo huitoa siku hiyohiyo. Halafu Novemba, kwa ghafla, inaingia milioni kutoka benki, inatolewa yote ndani ya siku mbili tatu, na laini inarudi kimya. Kwa anayemtazama kutoka mbali, huyu ni mtu aliyepata bahati siku moja. Kwa mtu wa Newala au Tandahimba, huyu ni mkulima mzuri, tena mwenye nidhamu.

Yule kijana wa bodaboda aliyemshauri ana miaka 22 na hana mti hata mmoja. Kiwango chake ni 180,000. Namfurahia, hajakosea lolote. Hela inaingia na kutoka kwake kila siku, elfu mbili, elfu tatu, na programu inamwona vizuri kama sisi tunavyoliona jua. Mkulima wa korosho haonekani kwa sababu mwaka wake una miezi mitatu ya hela na tisa ya kusubiri, wakati mkopo umekatwa kwa siku 30. Ukikopa Julai unadaiwa Agosti. Agosti mkorosho una maua na vijikorosho vichanga. Utalipa na nini?

Nimeona wanachofanya. Wanakopa mtandao mmoja ili walipe mtandao mwingine. Wakikwama huko wanapakua programu za mikopo kwenye simu ya mtoto, zile za kausha damu, zinazosoma majina yote kwenye simu na kumtangaza mdaiwa kwa wakwe zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nilibandika tangazo lake ukutani kwangu. Mwaka 2018 CGAP, taasisi ya kimataifa inayotafiti huduma za fedha kwa watu maskini, walichapisha utafiti wao kuhusu mikopo ya simu: kwa Tanzania, zaidi ya nusu ya wakopaji waliohojiwa waliwahi kuchelewa kulipa, na karibu theluthi moja walishindwa kabisa. Nilipousoma sikushangaa hata kidogo. Watu wale si wezi. Wengi wao, naamini, siku ya kulipa ilifika kabla ya hela yao.

Na mwisho wa njia hiyo, kwa huku kwetu, anasubiri mtu wa kangomba.

Kwa msomaji asiye wa Kusini nieleze kidogo. Kangomba ni biashara ya kununua korosho nje ya utaratibu, kwa bakuli badala ya mizani, mara nyingi kabla hazijaanguka chini. Mtu anakuja Julai au Agosti, wakati nyumba haina kitu, anakupa hela mkononi, na msimu ukifika anachukua korosho zako kwa bei aliyoipanga yeye. Ni marufuku, na kila mwaka viongozi wanaikemea. Stakabadhi ghalani, utaratibu wa kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe kwa mnada, ilianza hapa Mtwara msimu wa 2007/08, na shabaha mojawapo ilikuwa kumtoa mkulima kwenye mikono hiyo. Oktoba 2024, katika mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kilo ilivuka shilingi 4,000. Mtu aliyeshika hela ya kangomba miezi mitatu kabla hakuiona bei hiyo. Alikaa kibarazani akisikiliza redio ikitaja bei ya korosho zake mwenyewe.

Mtu wa kangomba hana programu, hana leseni, lakini ana kitu kimoja ambacho wale watatu mezani hawana: anajua mkorosho unalipa lini. Ndiyo maana anawashinda. Inaniuma kuandika sentensi hiyo lakini ndivyo ilivyo.

Nisieleweke kwamba napinga ushirikiano wa kampuni za simu na hizi kampuni za teknolojia. Umenilea. Nilipoanza nilikuwa na simu nne mezani, kila mtandao na yake, na aliyetumiwa hela kutoka mtandao mwingine aliipata kwa shida na kwa makato makubwa. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilifungua milango kati yao, Vodacom ikaingia 2016, na ghafla mama wa Nanyamba mwenye laini hii akawa anapokea hela ya mwanawe mwenye laini ile kama vile wako nyumba moja. Kabla ya kuwa wakala wa simu niliuza LUKU kwa mashine ya MaxMalipo, nikaona mara ya kwanza jinsi kampuni ndogo ya Kitanzania inavyoweza kukaa katikati ya TANESCO, mitandao na mteja wa kijijini. Selcom nayo imeshika njia hizohizo. Dada mmoja wa hapa ana kaka Uingereza anayemtumia kwa NALA, kampuni aliyoianzisha Mtanzania, Benjamin Fernandes, na hela inaingia kwenye simu yake akiwa shambani. Kikundi chetu cha VICOBA tuliacha sanduku la kufuli tatu tukahamia M-Koba, ambayo Vodacom waliifanya pamoja na benki ya TPB. Kila hisa ikiwekwa, kila mwanachama anapata ujumbe. Mwaka wa kwanza tu ugomvi wa mgao ulikwisha, na wanaoijua hali ya vikundi watanielewa nikisema hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mabomba ya kupitishia hela tunayo. Shida iko kwenye maungio.

Msimu mmoja, sitautaja mwaka, Mjomba alihamisha 600,000 kutoka akaunti ya benki kuja kwenye simu, tukiwa wote wawili hapa kibandani. Benki ikakata. Simu haikupokea kitu. Tukasubiri dakika tano, saa, siku. Nikapiga benki, wakasema hela imeshatoka kwao, ulizeni mtandao. Nikapiga mtandao, yule dada wa huduma kwa wateja akasema kwao haijafika, ulizeni benki. Siku ya nne kijana mmoja wa benki, aliyekuwa na moyo wa huruma, aliniambia kwamba kati ya benki na mtandao kuna kampuni nyingine inayounganisha mifumo, na muamala umekwama huko. Kampuni gani? Akanitajia jina ambalo sikuwahi kulisikia. Ina namba ya simu? Haina kwa wateja, inaongea na benki tu.

Hela ilirudi siku ya tisa. Kila moja ya siku hizo tisa Mjomba alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi, hakunilaumu hata neno moja. Alikuwa anadaiwa na mafundi wa bati. Mimi nilikuwa naona aibu kwa kosa lisilo langu, kwa sababu mteja hamjui wa katikati, wala mtandao, wala benki. Anamjua wakala. Sura ya ushirikiano wote ule, kwa Mahuta, ni mimi na dirisha langu.

Baadaye Benki Kuu ilijenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaowaunganisha wote sehemu moja, badala ya kila benki kujitafutia waya wake kwenda kila mtandao. Ninachoomba ni kimoja cha ziada: muamala wowote ukipita mikono mitatu, ujumbe unaokuja kwa mteja utaje hela iko mkono gani. Tena kwa Kiswahili cha mtu anayeelewa, maana "muamala wako unashughulikiwa" haumwambii mtu kitu.

Kuna na suala la floti, yaani hela iliyo kwenye laini ya wakala, ambalo wanaopanga huduma hizi wakiwa maofisini sidhani kama wanalihisi mwilini. Novemba na Desemba wakulima wanalipwa kwenye akaunti za benki, wanahamisha kwenda kwenye simu, wanakuja kutoa kwangu. Kila anayetoa ananiachia floti na kuondoka na noti zangu. Kufika saa nne asubuhi laini yangu ina mamilioni na droo haina kitu. Inabidi nipande bodaboda hadi Newala mjini nikageuze floti iwe noti, nikapange foleni na haohao wakulima ambao wangeweza kuja kwangu, kisha nirudi na hela mfukoni njia ambayo kila mtu anajua mawakala wanarudi na nini. Mwezi wa tano mambo yanageuka. Hakuna wa kutoa. Nakaa na noti chache, kamisheni ya mwezi haitoshi pango.

Kwenye menyu ya mawakala siku hizi kuna mkopo wa floti. Ni mkopo mzuri kwa wakala wa Kariakoo. Kwangu unakuja Novemba, wakati floti imenijaa na ninachohitaji ni noti, na unanipimia kiwango cha juu kwa sababu miamala ya msimu ni mingi. Mwezi wa tano, ninapouhitaji kweli, unakuwa umeshuka hadi hauna maana. Unaona? Mimi na Mjomba tumepimwa na rula moja.

(Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 nimekusudia kuipita. Nitasema tu kwamba miezi ile watu walirudi kutuma hela kwa makondakta wa mabasi, kwenye bahasha, na wengine wamebaki hukohuko hadi leo.)

Sasa niseme ninachotaka, maana kulalamika peke yake hakumsaidii Mjomba.

Taarifa za mkulima wa korosho zipo. Amesajiliwa, ana namba yake, AMCOS ina kumbukumbu ya kilo alizopeleka msimu kwa msimu, ghala linatoa stakabadhi, na tangu 2024 minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya siku ile inajulikana, kilo zake zinajulikana, akaunti yake inajulikana. Mtu akitaka kujua kama Mjomba anaweza kulipa 150,000, asihesabu vocha zake. Asome kilo zake za misimu mitano. Mezani pale kuna viti vitatu, na cha nne, cha ushirika, hakijaletwa.

Mkopo ninaouona kichwani unatoka vipande vipande, kidogo Mei kwa kupalilia, kidogo Juni na Julai kwa kupulizia, kidogo Septemba kwa kuokota, na unalipwa mara moja hela ya mnada inapoingia. Kampuni ya simu inabaki na njia, benki inabaki na fedha, kampuni ya teknolojia inabaki na hesabu, ila hesabu ianze na mti.

Najua ugumu wake, nimebishana nao na watu wenye akili. Wa kwanza ni makato. Mkulima wa huku ameshakatwa sana kwenye malipo yake, ushuru huu, mchango ule, na akisikia neno makato anakunja uso kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo mkopo ni lazima awe ameuomba mwenyewe, kwa namba yake ya siri, na aone kila shilingi. Wa pili ni taarifa zenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na kilo za Mjomba ni taarifa za Mjomba. Zisihamishwe kutoka ushirika kwenda kampuni ya Dar es Salaam bila yeye kuulizwa akaelewa. Mtu wa kangomba akizipata hizo, tumemkabidhi ramani ya nani ana njaa.

Wa tatu ndio unaonizuia usingizi. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minada, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300, wanajeshi wakaja kubeba korosho, na malipo yakaenda na uhakiki, shamba kwa shamba. Walio wengi hapa walipata hela zao kwa kuchelewa sana. Fikiria mwaka kama ule Mjomba anadaiwa na simu, riba inapanda kila wiki, namba yake inaingizwa kwenye orodha ya wasiolipa, na korosho zake ziko ghalani anaziona. Mkopo wa korosho ni lazima uandikwe tangu mwanzo kwamba siku ya kulipa ni siku mkulima anapolipwa, hata ikichelewa hadi Aprili. Benki zitasema hiyo ni hatari kubwa kwao. Ni kweli ni hatari. Leo hatari hiyo yote ameibeba mtu mmoja mwenye mikorosho 300 na kitochi.

Kijana mmoja wa kampuni ya teknolojia alipita hapa Machi, anatafuta mawakala wa kujaribu huduma mpya. Nilimfungulia daftari langu la madeni. Lina miaka kumi na mbili. Nimeandika jina, kiasi, na safu ya tatu ni tarehe ya kulipa. Akaishangaa ile safu, akapiga picha ukurasa mmoja nilioziba majina kwa kiganja. Alisema ataipeleka ofisini. Sijamsikia tena, lakini namba yake ninayo na wiki ijayo nitampigia.

Mjomba, ule mkopo wa 3,000 hakuuchukua. Nilifungua droo nikamhesabia 40,000, nikamwambia mashine isilale kesho. Akazihesabu tena taratibu, akazifunga kwenye leso, akasubiri niandike kwa sababu hapendi kuondoka kabla jina lake halijaingia. Nikaandika jina, nikaandika 40,000, na kwenye safu ya tatu nikaandika kama ninavyowaandikia wote: mnada wa pili.

Kesho yake alfajiri, kabla ya adhana, nikasikia mashine ikinguruma upande wa shamba lake.